Kijapani Kisomeni kwa Kiswahili

Vijana wa Mtwara na Lindi wanaopata ufadhili wa kwenda kusoma Japani huambiwa jambo moja karibu na kila anayewaaga: masomo yatakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kijapani si cha kuwaumiza kichwa. Kwenye karatasi ushauri huo una ukweli wake. Mpango wa ABE, ambao serikali ya Japani iliutangaza mwaka 2013 katika TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama, huwachukua Waafrika kusoma shahada ya uzamili katika programu zinazofundishwa kwa Kiingereza, na baadaye huwapeleka kwenye kampuni kujifunza kazi. Ufadhili wa Wizara ya Elimu ya huko, unaofahamika zaidi kwa jina la MEXT, nao huwaruhusu wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu kuandika tasnifu zao kwa Kiingereza. Wanaokwenda kusoma shahada ya kwanza kwa ufadhili huo ndio hasa ambao hawana pa kukwepea, kwa sababu huanza na mwaka mzima wa lugha kabla ya kuingia katika chuo chao.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wale walioambiwa wasijali. Nilisoma mambo ya kilimo Tottori, mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Japani, ulio upande wa bahari inayotazama Korea, maarufu kwa matuta yake ya mchanga na kwa kituo cha utafiti wa ardhi kame cha chuo kikuu chake. Maabara ilisema nami kwa Kiingereza, na profesa wangu pia, lakini Kiingereza kiliishia mlangoni. Sheria inamtaka mgeni aandikishe anwani yake manispaa ndani ya siku 14 tangu aanze kukaa mahali, naye mhudumu wa dirishani ana fomu za Kijapani. Bima ya afya ya taifa hulipa asilimia 70 ya matibabu na kukuachia 30, habari njema kabisa, ila inakufikia kwa barua ya Kijapani. Ratiba ya taka, ambayo hutenganisha za kuchoma, za plastiki, makopo na chupa, kila aina na siku yake, hubandikwa kwa Kijapani, na jirani anayekuja kukueleza kwamba mfuko wako umewekwa siku isiyo yake anakueleza kwa Kijapani cha wazee wa kule, ambacho hata mwanafunzi aliyetoka Tokyo hukisikiliza kwa makini.

Kwa hiyo sina haja ya kubishana kama lugha ile inahitajika au haihitajiki, kwani anayekwenda atapata jibu ndani ya wiki ya kwanza. Ninachotaka kusema ni namna ya kuijifunza, na hasa njia ya kuiingilia. Vitabu karibu vyote tulivyopewa darasani vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Vinatumia kurasa nyingi kufafanua mambo ambayo mtoto wa Mikindani au Kilwa anayajua tangu hajaanza shule, na vinapita haraka juu ya mambo ambayo kwetu ndiyo magumu. Mtanzania akivisoma huku akitafsiri kichwani kutoka Kiingereza, anajibebesha ugumu wa watu wengine juu ya ugumu wake mwenyewe.

Nianze na sauti, ambako tumependelewa kupita kiasi. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu, isipokuwa u yao haiviringishi midomo kama yetu. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Ile n inayosimama peke yake kama silabi, ambayo wanafunzi wenzangu kutoka Ulaya waliimeza, kwetu si ngeni, maana tunaposema nchi au mtu tunaipa n au m nafasi yake kamili bila kuifikiria. Urefu wa irabu unaobadilisha maana nao tunao nyumbani: anayejua kwamba kufa si kufaa, na kwamba kukata si kukataa, hawezi kushangaa akiambiwa kwamba obasan ni mama wa makamo na obaasan ni bibi kizee. Nimewaona watu wazima wenye shahada mbili wakimwita mwenye duka bibi kizee kwa kukosa sikio hilo, na mwenye duka akavumilia kwa adabu.

Hata hivyo kuna mitego miwili ambayo vitabu havikututajia, kwa sababu si mitego ya wasomaji wao. Wa kwanza ni mkazo. Mswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika karibu kila neno analolitamka, na anakwenda nao huohuo hadi kwenye Yokohama na Toyota, akiziimba kama majina ya vijiji vya Newala. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo. Kina kupanda na kushuka kwa sauti, na silabi zote hupewa muda sawa. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kupiga vidole mezani, pigo moja kwa kila silabi, ukikataa kabisa kukaza popote, mpaka masikio yazoee. Mtego wa pili ni konsonanti inayoshikiliwa kwa kitambo kabla ya kuachiwa. Kite ni njoo, na kitte ni stempu ya barua. Kati ya ki na te katika neno la pili pana kimya cha pigo zima, na kimya hicho hakimo katika Kiswahili chetu. Hapa hatuna pa kuegemea, ni kazi ya mazoezi tu.

Sarufi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Msomaji yeyote aliyepanda Noah au Coaster kutoka Mtwara kwenda Lindi huenda ameisikia sauti ya mwanamke inayosema jambo fulani kwa upole mara dereva anapowasha gari, kisha ikanyamaza. Mara nyingi husema: ETC kaado ga soonyuu sarete imasen. Ni kifaa cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, nacho kinalalamika kwamba kadi yake haijaingizwa. Kifaa hakijui kwamba gari liliuzwa, likavuka bahari, na sasa linasubiri abiria wa mwisho pale Mnazi Mmoja. Lakini itazameni sentensi yenyewe. Kadi imetangulia, kitenzi kimekuja mwisho, na kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendwa, kama sisi tunavyosema haijaingizwa bila kumtaja aliyepaswa kuiingiza. Yule mwanamke amekuwa akitufundisha Kijapani bure kila asubuhi kwa miaka mingi.

Vitenzi vya Kijapani hunyambulika kama vyetu. Taberu ni kula. Taberareru ni kuliwa. Tabesaseru ni kulisha. Tabesaserareru ni kulishwa. Angalieni hilo la mwisho: kiambishi cha kusababisha kinatangulia, cha kutendwa kinafuata, kwa mpangilio uleule wa sh na w katika lishwa. Darasani kwetu umbo hilo lilichukuliwa kama mlima. Kitabu kililiweka mbali sana, karibu na mwisho, na wanafunzi kutoka nchi zinazozungumza Kiingereza walikuwa wakilivunja vipandevipande kama hesabu. Mimi na mwenzangu kutoka Kenya tulilimaliza kabla chai haijapoa, kisha tukageuka kuwa walimu wa pembeni.

Kubwa zaidi ni ile kauli ya kutendwa ambayo vitabu vya Kiingereza huiita ya mateso. Mjapani aliyenaswa na mvua husema ame ni furareta, na kitabu hutoa maelezo marefu kwamba hapa, tofauti na desturi ya lugha nyingine, kitenzi kisicho na mtendwa kimewekwa katika kutendwa ili kuonyesha kwamba tukio limemwangukia mtu na kumsumbua. Maelezo hayo yana maana gani kwa mtu anayesema nimenyeshewa? Mjapani aliyempoteza baba yake aweza kusema chichi ni shinareta, na sisi tunasema nimefiwa na baba. Sijui namna bora ya kueleza jambo hili kwa Kiingereza, na naona hata waandishi wa vitabu vile hawakuijua, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakina pa kuliweka. Kufa ni tendo la marehemu, lakini kufiwa ni la aliyebaki. Kunyesha ni kwa mvua, lakini kunyeshewa ni kwa yule aliyekuwa njiani. Anayesoma sura hiyo kwa Kiswahili anaimaliza kwa sentensi mbili na kuendelea na safari.

Viashiria ni hivyo hivyo. Kiingereza kina vya namna mbili, cha karibu na cha mbali, kwa hiyo kitabu huchora picha ya watu wawili na mishale ili kueleza kwamba Kijapani kina vitatu: kono kwa kilicho karibu nami, sono kwa kilicho karibu nawe, ano kwa kilicho mbali nasi sote. Sisi tuna hiki, hicho na kile. Picha ya nini?

Kisha kuna kuhesabu. Kijapani kina maneno maalumu yanayoambatana na namba kulingana na umbo au aina ya kinachohesabiwa. Vitu virefu vyembamba, kama penseli, mwavuli, chupa au mti, huhesabiwa kwa hon. Vitu bapa, kama karatasi, sahani au shati, kwa mai. Vitabu kwa satsu. Mashine na magari kwa dai. Wanyama wadogo na samaki kwa hiki, na wakubwa kama ng'ombe kwa too. Ukiongeza namba, sauti nazo hubadilika: ippon, nihon, sanbon. Wageni hulalamika sana kuhusu jambo hili, na mimi nilikuwa nikiwasikiliza kwa utulivu wa mtu aliyekulia katika vitabu viwili, miti miwili, magari mawili na watu wawili. Ngeli zetu si kitu kilekile, maana zenyewe hutawala sentensi nzima na zao hukaa kwenye namba tu, lakini akili inayokubali kwamba mbili ya mti si mbili ya gari tayari imevuka mto wenyewe.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Kijapani ni Kiswahili kilichovaa kimono. Kuna mahali ambapo lugha yetu hutuvuta upande usiofaa, na pa kwanza ni mpangilio wa habari. Kitenzi chetu hutoboa siri mapema. Mtu akianza tu kusema sita, hata hajamaliza neno, nimeshajua kwamba ni yeye, kwamba hatafanya, na kwamba ni wakati ujao. Kijapani huyaweka mambo hayo yote mkiani. Mtu anaweza kukueleza habari ya mkutano wa kesho, ukumbi, saa na wageni wote watakaohudhuria, nawe ukatingisha kichwa kwa furaha, kisha silabi za mwisho, masen, zikakujulisha kwamba haufanyiki. Na mara nyingi hasemi ni nani atendaye; tabemashita ni kula kulikokwisha, lakini kama ni mimi, wewe au wao, utajua kwa mazungumzo yaliyotangulia. Mswahili aliyezoea ni, u, a, tu, m, wa mwanzoni mwa kitenzi hujihisi kama amenyang'anywa kamba ya kushikilia. Inabidi kujifunza subira ya masikio, kusikiliza mpaka mwisho kabisa bila kuanza kujibu kichwani. Vilevile maelezo ya nomino, ambayo kwetu hufuata, kule hutangulia: badala ya samaki niliyemnunua jana sokoni, wao husema, kwa mpangilio wao, jana sokoni nilimnunua samaki, na samaki mwenyewe hatokei mpaka mwisho.

Pa pili ni kutoa na kupokea. Sisi kupa ni kupa, na viambishi vya kati humaliza kazi: nimempa, amenipa. Wao wana ageru kwa kinachotoka upande wangu kwenda kwa mwingine, na kureru kwa kinachokuja upande wangu, na ukivibadilisha umekosea hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Upande wangu hapo haina maana ya mimi peke yangu. Ni mimi na ndugu zangu na wenzangu wa kazini, na mpaka huo husogea kulingana na ninayezungumza naye.

Mpaka huo ndio unaotawala adabu yao, na hapa pana funzo ambalo mtu wa pwani asilichukulie kwa wepesi kwa sababu tu amelelewa na shikamoo. Ni kweli kwamba tunaanza na mtaji. Wajapani hutofautisha kaka mkubwa na mdogo kwa maneno mawili tofauti, na dada hivyohivyo. Humwita mwanamume wa makamo wasiyemjua ojisan, yaani mjomba au ami, kama ninavyoitwa mjomba na kila kijana wa kituo cha mabasi Mtwara. Msikilizaji mzuri huitikia katikati ya maneno ya mwenzake, hai, ee, soo desu ne, sawa na ehee na naam zetu, na anayenyamaza kimya kwa heshima, kama Mzungu, huonekana hasikilizi. Hayo yote tunayo. Lakini sisi heshima yetu hufuata umri na ukoo popote tulipo. Baba ni baba, mbele ya mgeni na mbele ya jirani. Wao baba wa mtu mwingine ni otoosan, na baba yangu mwenyewe, nikimtaja mbele ya mgeni, ni chichi tu, bila pambo lolote la heshima. Profesa wangu, ambaye ndani ya maabara nilimtaja kwa vitenzi vya juu kabisa, nikipokea simu ya mtu wa nje naweza kutakiwa kumtaja kwa vitenzi vya unyenyekevu, kana kwamba ni mdogo wangu. Kwa kijana wa Kimakonde au Kimwera, ambaye kwake kumshusha mjomba mbele ya watu ni jambo la kuitiwa kikao, hilo halikai kinywani kwa urahisi. Ushauri wangu ni kuyachukua maneno hayo mazima kama yalivyo, kama mtu anavyohifadhi dua, na kutoyapima kwa mizani ya nyumbani.

Kuna misemo mingine mifupi ambayo humfungulia mgeni milango kuliko sarufi yote. Anayetoka maabara kabla ya wenzake husema osaki ni shitsurei shimasu, akiomba radhi kwa kutangulia, nao humjibu otsukaresama deshita, wakimpa pole na kazi. Mswahili anayejua kutoa pole na kazi kwa fundi aliye juu ya paa atalizoea jambo hilo upesi. Kwa upande mwingine, salamu ndefu za kwetu, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za korosho, zisafirishwe kwa kipimo. Kule ukimuuliza mtu habari za nyumbani kwake kila asubuhi ataanza kujiuliza umesikia nini.

Hospitalini ndipo nilipofurahia Kiswahili changu kuliko popote. Daktari wa Kijapani akitaka kujua aina ya maumivu haulizi tu ni makali kiasi gani. Huuliza kama ni zukizuki, yale yanayopiga pamoja na mapigo ya moyo, au chikuchiku, yanayochoma kama sindano, au kirikiri, yanayonyonga tumbo. Lugha yao imejaa maneno ya namna hiyo, ambayo mwalimu wetu wa sekondari angeyaita tanakali za sauti, isipokuwa mengi yao huiga hali na wala hayaigi mlio. Wenzangu waliyaona kama mchezo wa watoto na wakakataa kuyahifadhi. Mtu anayelala fofofo, anayetumbukia majini chubwi, ambaye kanzu yake ni nyeupe pe na usiku wake ni mweusi tii, hana sababu ya kuyadharau, na akiyajua atapata dawa ya ugonjwa alio nao.

Kuhusu saa, nitataja jambo moja kwa sababu hakuna kitabu kitakachowaambia. Japani imetangulia Tanzania kwa saa 6, na sisi tunahesabu saa zetu tangu alfajiri. Matokeo yake ni kwamba mama aliyeko Mikindani akisema sasa ni saa tatu asubuhi, saa ya ukutani Japani inaonyesha tatu kamili ya alasiri, nao huiita sanji, yaani saa tatu. Inakuwa hivyo kwa kila saa ya mchana na ya usiku. Mwanafunzi anayepiga simu nyumbani hana haja ya kujumlisha wala kutoa.

Sasa maandishi, ambako hakuna lugha ya dunia inayomsaidia mtu isipokuwa Kichina. Kuna hiragana 46 na katakana 46, seti mbili za herufi kwa sauti zilezile, ya kwanza kwa maneno ya asili na viambishi, ya pili hasa kwa maneno na majina ya kigeni. Hizi ni kazi ya wiki chache, na aliyekaa mkekani chuoni akiandika alifu, be, te ubaoni kabla hajaijua a, e, i, o, u ya shuleni, kama tulivyokaa wengi wa pwani hii, tayari anajua kwamba sauti moja inaweza kuvaa maumbo mawili na mkono ukayazoea yote. Mwenzangu aliyesoma madrasa alikuwa wa kwanza kumaliza. Baada ya hapo zinakuja kanji, alama zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana yake. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136, na mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 kati ya hizo katika miaka sita ya shule ya msingi. Alama moja inaweza kusomwa kwa namna nyingi. Ile ya siku na jua husomwa nichi, jitsu, hi au ka, kulingana na jirani zake. Hakuna hila hapa. Kuna kuandika kwa mkono, kwa mpangilio sahihi wa mistari, kila siku kidogo, na kusoma kila kilichobandikwa mbele yako.

Hilo la kusoma kilichobandikwa ndilo ninalolisisitiza zaidi. Neno la kwanza nililolisoma dukani bila kutumia simu lilikuwa Kirimanjaro, kwa katakana, kwenye pakiti ya kahawa, kwa sababu kahawa ya Tanzania huuzwa kule kwa jina hilo hata kama haikuuona mlima. Nilipozoea nikaanza kutafuta jina la nchi yetu kwenye bidhaa nyingine. Japani hununua ufuta mwingi kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wake. Mtu wa Lindi anayejua jinsi mnada wa ufuta wa Nachingwea na Liwale unavyochukua jioni nzima ataona haya kukaa katika nchi ambayo haipiti siku bila mafuta ya ufuta mezani, asijue kusoma neno goma. Jina la Kimakonde nalo limefika: kulianzishwa makumbusho ya sanaa ya Kimakonde huko Ise, mkoani Mie, na jina hilo huandikwa kwa katakana.

Mtihani wa lugha, unaoitwa JLPT, una ngazi tano tangu mwaka 2010, kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, na hufanyika Julai na Desemba. Anayetaka kubaki kutafuta kazi aulenge, maana waajiri wengi huulizia N2 au N1. Wengine wasiufanye kuwa dini. Haupimi kuzungumza hata kidogo, wala kuandika kwa mkono, na nimewafahamu watu wenye N2 waliokuwa wakikimbia simu ikilia. Kilichowafungua ulimi wanafunzi wengi niliowajua ni kibarua. Mwanafunzi mwenye kibali anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, na mwenye ufadhili asome kwanza masharti ya mfadhili wake. Ukisimama kwenye kaunta ya duka dogo la saa 24, ukamuuliza mteja baada ya mteja kama chakula chake kipashwe moto, na kama anahitaji mfuko, ambao tangu Julai 2020 ni wa kulipia, lugha ya heshima inaingia mwilini bila kuombwa.

Kwa anayesubiri safari hapa nyumbani, zipo njia za kuanzia. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, imekuwa ikitoa masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bila kupitia Kiingereza, na simu yenye vifurushi vya kawaida inatosha. Chuo Kikuu cha Osaka kina Wajapani wanaosomea Kiswahili kama fani yao, na atakayekuwa karibu na huko awatafute, kwa sababu ndio watu pekee watakaomwelewa akisema kwamba ame ni furareta ni nimenyeshewa, na watamrekebisha kwa lugha yake mwenyewe.

Mpwa wangu wa Lindi, anayeondoka msimu huu, aliniuliza juzi, "Mjomba, sasa nianze na nini leo leo?" Nilimwambia aanze na katakana, na ndani ya katakana aanze na jina lake. Mtwara yetu huandikwa Mutowara, kwa kuwa hawawezi kuziacha konsonanti zikae pamoja bila irabu, na mtu aitwaye Hamisi kwa kawaida atakuwa Hamishi, kwa kuwa si yao ni shi. Majina mengine yana njia mbili au tatu za kuandikwa na zote zinakubalika. Achague moja kabla hajapanda ndege, na aiandike hiyohiyo manispaa, kwenye bima, kwenye mkataba wa simu na benki, kwa sababu fedha za kule huhamishwa kwa jina la katakana, na mashine ikikuta herufi moja imetofautiana haitajali kwamba pasi ya kusafiria ni ileile. Itakataa, na posho itarudi ilikotoka.